Alasiri Isiyohesabiwa Kitaya

Rahaleo,
S.L.P. 87,
Mtwara.
Jumapili, 4 Mei 1975

Mpendwa mdogo wangu Mwanaisha,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu Mastura na paka wake, ninatangaza rasmi kwamba shingo yangu imekubali tena kugeuka upande wa kulia. Kwa muda wa wiki tatu na nusu ilikuwa imegoma. Aliyetaka kunisalimu kutoka upande huo ilimbidi azunguke. Leo asubuhi, wakati wa kunywa chai, imegeuka yenyewe bila kuombwa, na wananchi wa nyumba hii wamefurahi.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu zangu nyingi. U hali gani mdogo wangu? Shemeji Athumani naye, ule mgongo umepoa au bado anatembea kama mtu anayetafuta sarafu chini? Na mwanangu Fauzia anaionaje hali yake, miezi imetimia? Nasikia huko Ujiji mvua zimezidi mwaka huu. Huku masika yamekuja kwa adabu, yananyesha usiku na kutuachia mchana. Sisi ni wazima. Mastura hajambo, na bado ananipenda kwa kiasi.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliposoma mara ya pili sikucheka tena. Unaniuliza, "Kaka, ni kweli aliyotuletea Hassani, kwamba umekuwa walii?" Halafu unaniomba nimwombee Fauzia ajifungue salama, kwa kuwa dua yangu sasa haina pazia. Mwanaisha! Umesahau nani alikuwa akikimbizwa na baba kwa fimbo aende chuoni, na nani alikuwa akimficha jikoni nyuma ya kinu? Hassani ni binamu yetu nami nampenda, lakini tangu aanze kuendesha malori amezoea kuongeza mzigo njiani. Ngoja nikueleze mambo yalivyoanza.

Yupo hapa mtaani kwetu mwalimu mmoja wa kike, Felista, anafundisha sayansi. Ni mtu wa Masasi, Mkristo, mpole, lakini akikuomba jambo unajikuta umekwisha kubali kabla hajamaliza sentensi. Kila mwaka kuanzia mwisho wa Machi, makozi wadogo wenye miguu myekundu hupita huku kwetu kwa maelfu. Walikuwa kusini wakati wa kaskazi, sasa wanarudi kwao kuzaa, na kwao ni mbali, ng'ambo ya Bara Hindi, karibu na Uchina. Felista ana rafiki anayekusanya hesabu za ndege hawa kutoka mikoa mbalimbali, na huku kwetu hakuna aliyewahi kuwahesabu. Miaka yote ya vita vya Msumbiji nani angekwenda kukaa kando ya Ruvuma akatazama juu? Mwaka huu Mreno amenyamaza, basi Felista akatafuta watu wa kujitolea. Akapata wawili. Mmoja ni Waziri fundi cherehani, aliyekuja kwa sababu nilimwambia Kitaya, kijiji cha huko mtoni, kuna kambale wanene. Wa pili ni mimi.

Alinichagua kwa sababu ya kazi yangu. Alisema mtu aliyesimama bandarini miaka kumi na minane akihesabu magunia ya korosho hawezi kushindwa na ndege. Nilivimba kichwa, nikaomba likizo ya siku saba. Mastura akaniuliza, "Unakwenda kuhesabu mwewe, na vifaranga wangu wanaoliwa na mwewe hao umewahi kuwahesabu?" Nikafunga mzigo.

Kitaya tulipewa chumba kwenye ghala la kijiji. Felista na Waziri wakashika upande wa mtoni, na mimi nikapewa upande wa bara, mwendo wa robo saa kutoka kwao, juu ya kichuguu kirefu katikati ya shamba la mihogo lililoachwa. Kila mtu darubini yake, na Felista alikuwa na filimbi: akiona kundi kubwa linakuja anapuliza mara tatu, ili nami nijiandae. Tulianza Jumamosi, tarehe tano Aprili.

Saa moja tu ikanitosha kujua kwamba ndege si magunia. Gunia linaning'inia kwenye winchi, linakungoja uweke alama. Kozi hangoji. Ukiinamisha macho kuandika, ukiyainua wameshapita ishirini. Nikatupa kalamu. Nikapapasa mfukoni, nikakuta tasbihi ya marehemu baba, ile nyeusi, unaikumbuka. Nikajiwekea utaratibu: kila ushanga mmoja ni ndege kumi, na kila nikimaliza mzunguko natia korosho moja mfukoni. Ilikwenda vizuri ajabu. Vidole vinahesabu, macho yako juu, midomo inacheza kidogo kidogo, "kumi, ishirini, thelathini."

Sasa jione wewe ni mtu wa Kitaya unapita njia ya shamba. Suruali yangu ilikuwa imechanwa na miiba siku ile ile, kwa hiyo nilivaa kanzu. Kichwani kofia, kwa ajili ya jua. Unamwona mzee mgeni mwenye kanzu nyeupe, peke yake juu ya kichuguu tangu alfajiri, tasbihi mkononi, midomo inacheza, macho mbinguni. Ungefikiri nini?

Mwenyekiti wa kijiji aliwatangazia watu, tena mara mbili, kwamba sisi ni wahesabu ndege. Hawakuamini. Watu wazima waache kazi zao bandarini waje kuhesabu mwewe? Wakaona hicho ni kisingizio cha mtu mnyenyekevu asiyetaka kujulikana. Na tena, mdogo wangu, watu wale miaka ya vita walikuwa wakisikia mngurumo angani wanaacha sufuria mekoni na kukimbilia mahandakini. Anga lao lilikuwa adui. Leo wanamwona mtu amekaa anaangalia anga hilo hilo kutwa nzima bila hofu, anavuta tasbihi. Wakasema, huyu ametumwa kulifunga anga lisifunguke tena.

Mtu makini angegundua kitu kimoja. Ndege walikuwa wakitoka kusini, kwa hiyo nami nilielekea kusini, na kibla, kama unavyojua, kiko kaskazini. Walii mzima ameipa Makka mgongo! Waziri aliniambia baadaye kwamba alimsikia kijana mmoja akiuliza jambo hilo kisimani, na bibi mmoja akamkemea, "Nyamaza we! Mambo ya walii huulizi."

Siku ya kwanza niliachiwa kata ya maji chini ya kichuguu. Siku ya pili mihogo ya kuchemsha na dagaa. Siku ya tatu nikakuta papai, mayai sita, na kuku amefungwa miguu. Ungetaka niseme nilivirudisha. Nilivila, Mwanaisha. Yule kuku tulimla usiku ule watatu sisi, na Waziri akaniambia, "Shehe wangu, ukimaliza kuliombea hilo paja nisogezee." Felista alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasema kwa upole, "Mzee Alawi, hivi kesho si afadhali uwaambie?" Nikasema nitawaambia. Kesho yake ndege walikuwa wengi.

Hapo sasa nifike kwa Zuhura. Huyu ni mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, mkulima wa pale pale Kitaya. Alikuja siku ya pili, Jumapili, mikono mitupu isipokuwa kata ya maji. Kundi kubwa lilikuwa juu yangu wakati ule, niko kwenye ushanga wa sita au wa saba sijui. Akasema kutoka chini, "Shehe wangu, mimi sina kuku. Nina jina tu. Mume wangu Isihaka alivuka mto mwezi wa Januari mwaka jana kwenda kumchukua mama yake, na mpaka leo sijasikia lolote. Naomba umtie humo kwenye tasbihi."

Wewe umewahi kunitembelea kazini, unajua mwiko wetu: mzigo ukiwa hewani karani hajibu salamu, hata ya mkewe. Akijibu amepoteza hesabu. Ndege walikuwa hewani. Sikufungua mdomo. Nilitikisa kichwa tu, juu na chini, kama ninavyomtikisia kuli anayeniuliza kama nimemwona. Akashukuru sana, akaondoka. Nami nikaendelea, sabini, themanini.

Jumatatu akarudi na maji. Jumanne pia. Alikuwa anakaa chini ya kichuguu, mgongo wake umeegemea udongo. Jumanne jioni aliniuliza, "Umemtaja leo?" Wakati huo hapakuwa na ndege hata mmoja angani, sina kisingizio. Nikasema, "Naam." Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema kitu kingine chochote. Usiku ule sehemu yangu ya kambale nilimsogezea Waziri.

Jumatano alasiri ndipo ilipotokea ile habari inayochekwa mpaka leo barazani. Jioni tulipokusanya hesabu, Felista akafungua daftari lake, akasema, "Haya Mzee Alawi, asubuhi umenipa elfu moja mia tisa na themanini. Alasiri je? Lile kundi la saa kumi lilikuja upande wako, mimi nilikuwa napuliza filimbi mpaka mapafu yakauma."

Nikamwambia, "Mwalimu, alasiri nilisinzia."

Waziri aliangua kicheko mpaka akakaa chini. "Karani wa Serikali! Miaka kumi na minane hajapoteza gunia, leo amepoteza mbingu nzima!" Felista hakucheka. Akasema, "Basi nitaacha wazi. Namba ya kubuni siandiki." Akapiga mstari mdogo pale palipotakiwa hesabu. Tulimaliza siku ya Alhamisi, tukapanda lori la korosho kurudi mjini, na jumla yetu bila ile alasiri ni ndege elfu kumi na nne na mia mbili na ushei. Felista ameituma. Anasema kama ile alasiri ingekuwamo pengine ingefika elfu kumi na saba.

Basi hiyo ndiyo habari ya kazi, na ya shingo. Kwangu imenifaa jambo moja: sasa nikisikia kozi analia, najua anakwenda wapi, na kwangu si mwizi tena bali msafiri. Mastura hakubaliani na neno hilo kwa sababu ya vifaranga.

Ya nyumbani ni haya. Paa la jiko limewekwa makuti mapya. Mkorosho ule wa uani uliopandwa na mama umekatwa tawi moja lililokuwa likielekea kwa jirani, na sasa jirani amenuna kwa sababu alikuwa akiokota. Waziri anakushonea kanga zako mbili pindo, atampa Hassani. Nimemwambia Hassani alete kanga peke yake, maneno ayaache huku.

Msalimie sana shemeji Athumani. Wasalimie majirani na watoto wa nyumba ya pili wote. Mastura anakusalimu, na anamwambia Fauzia asinyanyue ndoo. Felista pia, ambaye hakujui, ameniona naandika akasema nimtie katika salamu.

Nilikuwa nimekwisha kufunika kalamu, Mwanaisha, nikaifunua tena. Kwa Waziri na wenzake nimewaachia ile habari ya kusinzia, wacha waifaidi. Lakini wewe umeniomba dua, na siwezi kukujibu mpaka ujue ilivyokuwa.

Sikusinzia.

Jumatano ile Zuhura alikuja mapema kuliko kawaida, na hakukaa. Akasema, "Shehe, kaka zangu wamekwisha kununua mchele."

Nikamwuliza, "Mchele wa nini?"

"Wa hitima ya Isihaka. Mwezi ukiandama keshokutwa wanamsomea, na mimi naingia eda. Wanasema mwaka na miezi mitatu yatosha, mtu huyo amekwisha. Nimewaambia wangoje, yuko mtu anamwombea. Sasa niambie wewe. Ukisema nikae eda, nitakaa. Ukisema nimngoje, nitamngoja."

Unaona mambo yalipofika? Kwa kutikisa kichwa tu! Mwanamke amesimama chini yangu, ananipa mumewe nimwue au nimwache hai. Nikashusha darubini. Nikashuka kichuguu kizima, nikasimama mbele yake, nikasema, "Mama, mimi si shehe. Mimi ni karani wa bandarini. Mwenyekiti aliwaambia ukweli. Nahesabu ndege."

"Ndege gani?"

"Wale kule. Kila ushanga mmoja ni ndege kumi."

Aliinua uso akawatazama. Walikuwa wachache bado, wanazunguka juu ya mto. Kisha akauliza, "Na Isihaka?"

"Sijamtaja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Siku nne nakuletea maji."

"Najua, mama."

"Na kozi umewataja wote."

Nilingoja anitukane, na ningemshukuru kama angenitukana. Hakunitukana. Aliinua ile kata ya maji kutoka chini akanipa mkononi, akasema, "Wale wana mabawa, watafika. Mtaje huyu."

Nikatawadha kwa maji yale. Nikageuka, nikaupa mto mgongo, nikaelekea kibla, nikakaa chini kwenye vumbi la shamba lile, na yeye nyuma yangu. Nakwambia ukweli, mwanzo ilikuwa aibu. Ushanga wa kwanza vidole vyangu vilisema kumi, wa pili vikasema ishirini. Ilibidi nianze upya mara tatu. Ndipo filimbi ya Felista ikalia mara tatu kutoka mtoni, halafu tena mara tatu. Nilijua maana yake. Nilisikia hata sauti zao, ile "ki ki ki" yao, wakiwa wengi inakuwa kama mvua ya mbali. Walipita juu ya kichwa changu wakaingia mbele ya macho yangu kuelekea kaskazini, kundi juu ya kundi, na mimi nikayashusha macho. Nilimtaja Isihaka mzunguko mzima, kisha wa pili, kisha wa tatu. Tangu siku tuliyomzika baba sijawahi kumwomba Mungu kitu nikitaka hasa nipewe. Siku ile nilitaka.

Nilipomaliza nikamwambia, "Kuhusu eda siwezi kukuambia ukae wala usikae. Sijui. Hiyo ndiyo kweli." Akasema, "Vema. Basi na wao hawajui." Akaenda. Nilisikia baadaye kwamba aliwaendea kaka zake akawaambia yule mzee si walii, hajui kitu, na kwa kuwa hakuna ajuaye, aletwe kwanza mtu aliyeliona kaburi. Mchele haukupikwa.

Wiki mbili zilizopita alivuka mama mmoja kutoka ng'ambo akaja na habari. Isihaka yu hai, yuko upande wa Nangade. Mama yake amepooza miguu, hawezi kusafiri, naye hawezi kumwacha. Ameomba mkewe amfuate au amngoje, achague mwenyewe. Zuhura amechagua, keshavuka.

Kitaya nzima sasa wanasema ni dua yangu. Nimefanya hesabu kama karani. Mama yule aliagizwa na Isihaka mwisho wa Machi, wakati mimi nilikuwa hapa Rahaleo nabishana na Mastura juu ya vifaranga. Mzigo uliokwisha kupakiwa kabla sijafika kazini siwezi kuutia sahihi yangu. Nimemwandikia mwenyekiti barua ya kurasa mbili kumweleza hayo, na awaeleze watu. Amenijibu kwa mstari mmoja: "Barua yako ya unyenyekevu imepokelewa."

Basi usimwambie mtu yeyote huko Ujiji kwamba kaka yako ni walii. Lakini jina la Fauzia nimelichukua. Nalitaja kila baada ya alfajiri, nikiwa nimeelekea panapostahili, pole pole kama mtu anayejifunza, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Ile alasiri katika daftari la Felista itabaki wazi siku zote, na ndege elfu tatu pengine hawatajulikana kwamba walipita. Nilipoinua macho anga lilikuwa tupu mpaka mwisho wake, na wala sikuona uchungu.

Mungu awahifadhi nyote, ampe Fauzia wepesi, na akuzidishie subira ya kunivumilia.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda tangu siku zile za nyuma ya kinu,

Alawi